Ukishuka Kilwa, Muulizie Binti wa Mrimba



Msomaji wetu mmoja anaolewa karibuni, in shaa Allah, na zawadi waliyopewa yeye na mumewe mtarajiwa ni safari ya meli ya kitalii. Meli itatoka Unguja, itashuka kusini, na siku ya tatu itatia nanga Kilwa Kisiwani kwa nusu siku. Ameniandikia: nishuke, au nibaki melini nipumzike? Nasikia ni magofu matupu.

Shuka, mwanangu. Lakini ujue unaingia mji wa nani. Karatasi wanazopewa abiria husema ni mji wa karne za kati uliojengwa na mwana wa mfalme kutoka Uajemi aliyekinunua kisiwa kwa nguo. Wageni huipenda sana hadithi hiyo, na huipiga picha. Mimi nataka nikusimulie upande wake mwingine, maana ndani ya hadithi hiyo yumo bi harusi, na watu wengi humpita kama hawakumwona.

Kwanza ujue mahali penyewe. Kilwa Kisiwani iko mkoa wa Lindi, ng'ambo ya mji wa Kilwa Masoko, na mlango wa bahari unaovitenganisha ni mwembamba. Bandari yake ina kina na imekingwa na upepo, na hiyo ndiyo neema iliyoujenga mji. Mabaharia wa Arabuni na India walikuja na kaskazi na kurudi na kusi, na Kilwa ilikuwa karibu na mwisho wa pale jahazi lilipoweza kufika na kurudi kwa msimu mmoja. Kwa hiyo dhahabu iliyotoka bara, ikapitia Sofala, ilikusanywa Kilwa na kusubiri wanunuzi.

Meli za kitalii zinazokuja huko ni zile ndogo. Abiria hushushwa kwa boti mpaka pwani karibu na Gereza, na mara nyingi utakanyaga maji kabla hujakanyaga mchanga, kwa hiyo baibui lisiloburura na kandambili ndiyo mavazi. Chukua maji ya kunywa na kofia ya ukili ya kuweka juu ya mtandio, maana jua la Kilwa halina huruma. Mtatembezwa Gereza, Msikiti Mkuu, Msikiti Mdogo wa Kuba, Makutani, na muda ukiruhusu Husuni Kubwa, ambayo iko mbali kidogo upande wa mashariki, juu ya jabali. Ukiambiwa uchague kati ya kurudi mapema kwa chakula na kwenda Husuni, chakula kitakusubiri.

Sasa turudi kwenye ile nguo.

Kisa cha kuanzishwa kwa Kilwa kimetufikia kwa njia tatu, na hazilingani. Ya kwanza ni tarehe iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16. Nakala yake ilikuwa hapa hapa Unguja: Sayyid Barghash alimpa balozi wa Uingereza, John Kirk, mwaka 1877, na sasa iko London. Ya pili ni ya Mreno João de Barros, aliyeichapisha mwaka 1552 kutokana na habari za Kilwa zilizowafikia Wareno. Ya tatu ni masimulizi ya watu wa Kilwa wenyewe, kwa Kiswahili, yaliyochapwa na Mjerumani Carl Velten mwaka 1907.

Tarehe ya Kiarabu inasema waliondoka Shiraz baba na wanawe sita kwa majahazi saba, na kila jahazi likatua mahali pake. Lililofika Kilwa lilimkuta kisiwani Mwislamu, jina lake Muriri wa Bari, na watu wa nyumba yake, na msikiti. Isome tena sentensi hiyo, dada yangu. Waandishi wa Kilwa wenyewe, waliokuwa na kila sababu ya kuwatukuza Washirazi, wanakiri kwamba Uislamu ulifika kabla ya jahazi. Huyo Muriri ndiye aliyewafasiria wageni maneno ya mwenye kisiwa, naye mwenye kisiwa akakubali kukiuza kwa nguo za rangi za kutosha kukizunguka kisiwa kizima. Nguo zikatolewa, akahamia bara.

Barros anaongeza jambo ambalo tarehe ya Kiarabu hailitaji. Anasema yule mwana wa mfalme, Ali, alikuwa na mama Mhabeshi, mtumwa, na ndugu zake waliozaliwa na mama wa Kiajemi wa ukoo mkubwa walimdharau kwa sababu hiyo. Ndiyo maana akaondoka kwao kutafuta mahali pa kuanzia maisha yake. Ikiwa Barros alipokea sawasawa, basi mwanzilishi wa ukoo wa Kishirazi, ukoo ambao mpaka leo watu huutaja kwa kunyoosha shingo, alikimbia kwao kwa kusimangwa mama yake.

Halafu wanakuja watu wa Kilwa na hadithi yao, na hii ndiyo ninayoipenda zaidi. Kwao mwenye kisiwa ana jina: Mrimba. Ana kabila: Mmachinga. (Wamachinga wa Lindi, wala si hawa wanaotembeza mitumba.) Sultani Ali, wanayemwita bin Selimani, alifika na bidhaa na shanga, akaomba kukaa, akapewa. Kisha akaposa. Akamwoa binti wa Mrimba.

Wakakaa. Baadaye sultani akamwambia mkewe: mwambie baba yako ni vizuri zaidi akakae bara, kisiwa hiki akiache kwetu. Binti akaupeleka ujumbe. Mrimba akajibu kwamba yuko tayari, ila mkwewe amtandikie nguo kutoka kisiwani mpaka bara, apite juu yake. Nguo zikatandikwa, na mzee akapita juu yake pamoja na watu wake mpaka ng'ambo.

Huko bara akabadili mawazo, akataka kurudi kupigana. Siku hizo maji yakitoka mtu aliweza kuvuka kwa miguu. Masimulizi yanasema sultani akasoma Kurani na kutoa kafara, maji yakazidi kina, na njia ikafungika. Tarehe ya Kiarabu inasema kwa maneno makavu zaidi kwamba mlango ulichimbwa, kwa shauri la yule Muriri. Kwa vyovyote njia ilifungika.

Sasa mfikirie yule binti. Ameolewa na mgeni. Ndiye aliyetumwa kumwambia baba yake ahame. Nyumbani kwao anakuona kwa macho, ng'ambo ya maji, na zamani angekwenda kwa miguu bamvua likitoka na kurudi kabla ya magharibi. Hawezi tena. Hadithi haituambii alilia wala haituambii alifurahi. Inatuambia tu kwamba alizaa mtoto wa kiume, Mohamed bin Ali, na mtoto huyo alipokua akavuka kwenda bara kumwona babu yake. Mrimba alipomwona mjukuu wake, akamwachia utawala.

Hapo ndipo ninapotofautiana na karatasi za wageni. Kama kisiwa kilinunuliwa kwa nguo, kulikuwa na haja gani ya mjukuu kwenda kwa babu kupokea utawala? Nguo peke yake haikutosha. Kilichomaliza maneno ni damu ya mama. Mwana wa Ali alitawala nchi ya Mrimba kwa sababu alikuwa mtoto wa binti wa Mrimba, na watu wa Kilwa walihakikisha jambo hilo halisahauliki, hata kama mama mwenyewe wanamwita kwa jina la baba yake.

Na ile nguo? Sisi wanawake wa pwani hatuhitaji kufundishwa maana ya nguo katika posa. Mkaja ni haki ya mama mzazi, ukumbusho wa nguo aliyojifunga tumboni baada ya kujifungua. Kilemba ni cha baba. Siku hizi vyote viwili huwekwa ndani ya bahasha, lakini majina yamebaki ya nguo. Mimi nikimsoma Mrimba akidai atandikiwe nguo mpaka bara, nasikia baba mkwe anayedai heshima yake mbele ya watu kabla hajaondoka. Wazungu waliokiandika kisa hiki wakaona bei ya kiwanja. Huo ni usomaji wangu, na wewe una haki ya kuukataa.

Tena kuna ushahidi ambao Barros na Velten hawakuuota. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani ya Kenya na Tanzania kati ya mwaka 1250 na 1800, wakiwemo wa Songo Mnara, jirani kabisa na Kilwa. Kwa wengi wao, zaidi ya nusu ya asili yao ni ya Afrika, na hiyo imetoka hasa kwa wanawake. Asili ya Asia nayo ipo kwa wingi, na sehemu yake kubwa sana imetoka kwa wanaume wa Kiajemi. Mchanganyiko wenyewe ulikuwa umeanza kufikia mwaka 1000 hivi. Kwa ufupi, wazee wetu hawakutudanganya walipozungumzia Shiraz, wala Mmachinga hakudanganya alipozungumzia binti yake. Baba alikuja na jahazi. Mama alikuwa yupo.

Nimekaa sana hapa kwa sababu jambo hili liko sebuleni kwetu kila posa inapoletwa. Kijana anakuja, ana dini, ana kazi, ana adabu, na swali la kwanza la shangazi ni: kwao wapi? Ana asili gani? Wapo mabinti waliokataliwa, na wavulana waliorudishwa mlangoni, kwa sababu ya rangi ya bibi mzaa mama, na huku anayekataa anajiita Mshirazi! Wanavyuoni wamezungumza kuhusu kafaa, yaani kulingana kwa wanaooana, na wana maelezo yao. Mwulizeni shehe mnayemwamini, msinichukue mimi. Lakini mtu akitaka kutumia historia ya pwani kuthibitisha kwamba damu ya upande wa mama wa Kiafrika ni ya kufichwa, basi Kilwa hapamfai. Asishuke melini. Suratul Hujurat ipo, na aya yake kuhusu makabila na mataifa tunaisikia katika hotuba nyingi za ndoa.

Tuingie mjini sasa.

Msikiti Mkuu una sehemu mbili, na ukiingia zitenge kwa macho. Upande wa kaskazini ndiyo msikiti wa zamani, wa karne ya 11 na 12, nao ni mdogo. Kibla cha Kilwa kiko kaskazini, kwa hiyo mihrabu utaikuta huko. Upande wa kusini ni ukumbi wa matao na makuba ulioongezwa mwanzoni mwa karne ya 14, ukaanguka, ukajengwa upya karne ya 15. Ukisimama katikati ya nguzo zile, kuba juu ya kuba, mwanga ukiingia kwa vipande, utaelewa kwa nini kwa karne kadhaa haukuwa na mwenzake pwani hii. Yote ni mawe ya matumbawe na chokaa. Matumbawe ya kuchongea hutolewa baharini yakiwa bado mabichi, laini ya kukubali patasi, kisha hukauka na kuwa magumu. Wageni wataingia na viatu. Wewe vua. Hakuna anayekulazimisha, lakini paliposujudiwa ni pale pale.

Aliyeongeza ukumbi ule ni Sultani al-Hasan bin Sulaiman, anayejulikana kwa lakabu ya Abu al-Mawahib, baba wa vipaji, kwa ukarimu wake. Wakati wake, mwaka 1331, alikuja Ibn Battuta. Naye alikuwa mpita njia kama nyinyi abiria wa meli: aliletwa na kaskazi kupitia Mogadishu na Mombasa, akakaa kidogo, na baadaye akapanda jahazi kwenda Dhufar. Akaandika kwamba Kilwa ni katika miji mizuri na iliyojengwa vyema.

Kisa alichokiandika kuhusu sultani ni cha nguo tena. Siku ya Ijumaa, sultani akitoka msikitini kurudi nyumbani, fakiri mmoja kutoka Yemeni akamsimamisha na kumwomba nguo alizovaa. Sultani hakusita. Akaingia ndani, akabadilisha, akampa zile alizozivua. Watu wakasifu sana. Mwanawe akazichukua zile nguo kwa fakiri akampa badala yake watumwa kumi, na sultani aliposikia jinsi watu walivyomsifu, akaamuru fakiri aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kisa hiki husimuliwa kama mfano wa ukarimu, na ukarimu upo. Ila mimi huwa nabaki na wale ishirini. Ibn Battuta mwenyewe anataja mashambulizi ya sultani katika nchi za bara na ngawira zilizopatikana huko. Watu ishirini walibadilisha mikono katika siku chache kwa ajili ya joho moja, na mwandishi hakuona sababu ya kutuambia hata mmoja wao alikuwa nani. Tunaposifu mji huu tusiruke hapo.

Sultani huyo huyo ndiye aliyejenga Husuni Kubwa, kasri la vyumba zaidi ya 100 linalotazama bahari, lenye birika la kuogea la pembe nane. Jina lake lilipatikana limechongwa katika jiwe wakati mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba Kilwa kati ya miaka ya 1950 na 1960. Kasri halikumalizika, na halikukaliwa muda mrefu. Sarafu zake za shaba, zilizoandikwa kwa vina, zilisafiri zaidi yake: moja imepatikana Zimbabwe Kuu, bara kabisa, na nyingine za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika kisiwa cha kaskazini mwa Australia.

Lakini kitu kilichonigusa katika kazi ya Chittick ni kidogo kuliko sarafu. Alichimbua vigae vingi vya vyungu vilivyovunjika, vikachongwa mviringo na kutobolewa katikati. Hivyo ni vizito vya pia za kusokotea uzi wa pamba. Chungu kikivunjika hakikutupwa. Kipande chake kilirudi kazini. Wachimbuaji wanaona kwamba zama fulani ni vingi sana, kisha vinapungua kadiri nguo za kigeni zilivyozidi kuingia. Kwa hiyo Kilwa, mji unaojulikana kwa nguo iliyoletwa na mgeni, ulikuwa na watu wake waliokaa vivulini wakisokota pamba ya hapo hapo. Kazi ya namna hiyo nyumbani mara nyingi ilikuwa ya nani, nyinyi mnajua.

Na waliipenda nguo nzuri. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, anawaeleza watu wa Kilwa wakiwa katika hariri, pamba na nguo za dhahabu, na wanawake wakiwa na mikufu na bangili za dhahabu na fedha mikononi na miguuni, na vipuli vya vito masikioni. Bi harusi wa leo anayedhani kuvaa dhahabu kiwiko kizima ni mtindo mpya kutoka Dubai, asome Barbosa.

Dhahabu ndiyo iliyowaponza. Mwaka 1502 Vasco da Gama alirudi pwani hii na merikebu za mizinga, akamtisha Amir Ibrahim wa Kilwa mpaka akatoa kodi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ilipelekwa Lisbon, na mwaka 1506 ikatengenezwa chombo cha ibada cha kanisani, kazi ya sonara Gil Vicente, ambacho mpaka leo kimo katika makumbusho ya mji huo. Watalii wengine huenda wameshakiona huko kabla ya kuja Kilwa, wasijue uhusiano. Mwezi wa Julai 1505 akaja Francisco de Almeida na jeshi. Mji ukaporwa, ngome ikajengwa, na mwaka 1512 Wareno wakaondoka. Kilwa haikurudi tena kama ilivyokuwa.

Gereza utakaloliona pwani kwanza, ukishuka botini, ni la zama za Waomani, limesimama juu ya mabaki ya ile ngome ya Wareno. Karibu nalo ndipo historia yetu inapokuwa nzito. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa alitia saini mkataba na mfanyabiashara Mfaransa, Morice, wa kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Wafaransa. Elfu moja kila mwaka. Waliotia saini walikuwa Waislamu na walikuwa wetu, hatuna wa kumsingizia.

Katikati ya Almeida na Morice kuna mwanamke ambaye karatasi za meli hazimtaji kabisa. Mwaka 1711 ziliandikwa Kilwa barua ambazo leo zimehifadhiwa Goa, India. Ni katika maandishi ya Kiswahili ya zamani kabisa yaliyobaki duniani, yameandikwa kwa hati za Kiarabu, zile zile ambazo bibi zetu waliandikia barua na tenzi zao. Miongoni mwa walioandika ni Mfalme Fatima, Malkia wa Kilwa. Neno ni mfalme, kama alivyokuwa mwanamume. Alikuwa na Wareno upande mmoja na Waomani upande wa pili, na mji uliokwisha pungua nguvu, akaendesha mambo yake kwa kalamu, kwa lugha ninayokuandikia wewe sasa hivi.

Nikilinganisha, binti wa Mrimba alitumwa na ujumbe wa mtu mwingine kwa mdomo. Fatima alipeleka wake mwenyewe, na tunao.

Yaliyobaki ni madogo. UNESCO iliiweka Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, ikaihesabu kuwa hatarini mwaka 2004 kwa sababu bahari inakula ukingo na majengo yanabomoka, na ikaitoa hatarini mwaka 2014 baada ya kazi ya ukarabati. Bahari bado inakula. Usipande juu ya kuta kwa ajili ya picha, hata ukiona wengine wamepanda.

Kisiwa kina watu. Wanavua, wanalima, watoto wanakwenda skuli, na msikiti wao unaadhiniwa. Wageni wengi hupita katikati ya kijiji kama wanapita ukumbini, mikono ikiwa juu ya kamera. Wewe una lugha na una salamu, kwa hiyo toa salamu kwa kina mama, uliza hali, na ukinunua kitu usipige bei mpaka mtu aone haya. Ukipita makaburi ya Malindi, karibu na Gereza, wasalimie waliolala na uwaombee dua.

Muda wa boti ya mwisho mwulize mwongozaji mapema, kabla hamjaanza kupanda Husuni. Na kama siku hiyo ni bamvua na maji yametoka, tazama mlango wa bahari upande wa Masoko uone mchanga umefika wapi.

Wassalaam alaykum warahmatullah.